Baba alituambia rimu ni za kiwandani

BARUA

Shikamoo mshauri.

Mimi ni mwanamume wa miaka 39, kitindamimba kwetu, naishi Kibosho, juu ya Moshi mjini. Baba alitutoka mwaka juzi. Kwa mila zetu Wachaga mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, hivyo nimebaki na mama, kihamba (shamba la ukoo), ng'ombe wawili na gari la baba.

Gari ndilo limenifanya nikuandikie. Ni Datsun 240Z ya mwaka 1971, ile ya milango miwili yenye boneti ndefu. Baba alikuwa fundi magari mjini. Alilipata mwaka 1984 kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, nusu kwa fedha taslimu na nusu kwa kazi za gereji alizokuwa anamdai. Alilipenda mno. Alikuwa akitukumbusha kwamba mwaka lilipotengenezwa ndio mwaka Edgar Herrmann aliposhinda mbio za magari za Safari kwa gari la aina hiyo hiyo. Ya mwaka 1973 ndiyo alikuwa akiisimulia kana kwamba alikaa kiti cha nyuma: Shekhar Mehta ndani ya 240Z, ametoka sare ya pointi za adhabu na Harry Källström wa Datsun nyingine, na ushindi ukaenda kwa Mehta. Akishamaliza hadithi, mgeni anaonyeshwa rimu. Ni za aloi, zile tunazoita spoti rimu. Baba alizipangusa kwa kitambaa huku akisema, "Hizi ni za kiwandani. Zimetoka Japani hivi hivi." Maneno hayo nimekua nayo.

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja wa Arusha anayekusanya magari ya zamani. Alilikagua nusu siku, akalala hadi chini ya chesisi. Bei yake ni milioni 38 kama lilivyo, na milioni 45 iwapo rimu zote nne ni zile zile lililotoka nazo kiwandani. Kwa hiyo bei ya juu anataka karatasi yenye saini za familia inayosema hivyo. Kaka yangu mkubwa, yuko Dar es Salaam, alikubali kwenye simu hapo hapo.

Mimi nilitaka kuziosha tu zipendeze. Nikafungua tairi la mbele kushoto, nikalilaza juu ya gunia, nikasugua mgongo wa rimu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Tope lililoganda miaka yote lilipotoka, zikaonekana herufi zilizoinuka kwenye aloi yenyewe: 14 × 6, na pembeni JWL. Sikuelewa maana yake. Nikafungua buti, nikatoa tairi la spea. Rimu ya spea ni ya chuma, nyembamba, wala haifanani na zile nne. Nayo nikaisugua. Imegongwa 4½J × 14.

Mshauri, rimu kama ile nilikuwa nimeshaiona. Kigangoni kwetu kengele ni rimu ya gari. Imening'inizwa mtini kwa mnyororo na inagongwa kwa kipande cha nondo. Jumapili baada ya misa nilisimama chini yake na tochi ya simu. Matundu ni yale yale, alama za mgongoni ni zile zile. Katekista mzee alinikuta pale, wala sikumuuliza mengi. "Hiyo alitupa baba yako mwaka 87," akasema. "Alituambia amepata nyingine nzuri zaidi." Akaongeza kwamba nyingine mbili ziko kwenye mkokoteni wa jirani yetu, ule anaosombea majani ya ng'ombe. Nilipofika nyumbani nikageuza hata chombo ambacho kuku wetu wananywea maji. Ni kofia ya rimu, katikati ina herufi D.

Nilipomweleza mama aliacha kumenya ndizi. "Baba yako hakuwa mwongo," akasema, na tangu siku hiyo hataki niiguse habari hiyo. Kaka naye anasema, "Marehemu alisema ni za kiwandani. Wewe ni nani umsahihishe? Saini." Dada zangu wamegawanyika. Na fedha tunazihitaji kweli, kwa sababu goti la mama linatakiwa kufanyiwa upasuaji, na hiyo milioni 7 ya nyongeza ingetosha kabisa.

Nikisaini, naona nadanganya. Nisiposaini, ni kama natangazia ukoo mzima kwamba baba aliwadanganya wageni wake karibu miaka 40. Na lipo moja linaloninyima usingizi ambalo siwezi kumwambia kaka: kama la rimu halikuwa kweli, yale mengine aliyotuambia je?

Kitindamimba, Kibosho

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Mwaka juzi ni kama jana kwa aliyebaki kwenye nyumba ile ile, analala na kuamka karibu na banda ambalo bado linanuka grisi ya baba yake.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mnunuzi amekuuliza jambo moja, rimu zilitoka wapi. Wewe umeongeza la pili mwenyewe, kwamba baba yako alikuwa mtu wa namna gani. Yote mawili yamebebeshwa karatasi moja ya kusaini, na sishangai ukiona kalamu nzito. Naomba tuyatenganishe kidogo, tuanze na la rimu, maana hilo lina alama za kushika kwa mkono.

Mimi si mtu wa magari, kwa hiyo nilikaa asubuhi nzima na fundi mmoja mzee hapa Arusha, nikamsomea ulichoandika bila kutaja ni nani. Anasema 240Z za kawaida zilizouzwa nje ya Japani zilitoka na rimu za chuma za inchi 14, nyembamba kama spea yako ya upana wa inchi 4½, zikiwa zimefunikwa kofia. Ile D ya kwenye chombo cha kuku ni ya Datsun. Kwa macho yake, spea, kengele na mkokoteni ndizo zenye sura ya rimu za gari lenu, na zile za aloi zenye upana wa inchi 6 zilikuja baadaye.

Lakini naye hakutaka uharakishe kuhukumu. Spea peke yake ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja anaweza kuwa wa kuazima. Datsun nyingi za miaka ile zinafunga kwa stadi nne kwenye duara la milimita 114.3, kwa hiyo rimu ya moja inaingia kwenye nyingine bila kugomba, na mafundi wetu wamezibadilishana sana. Kinachokusaidia ni hiyo inchi 14, kwa sababu Datsun 1600, iliyojaa barabarani enzi zile, ilivaa inchi 13. Kinachosaidia zaidi ni tarehe. Rimu za chuma mara nyingi hugongwa tarakimu za mwezi na mwaka karibu na alama ya mtengenezaji. Ukizikuta kwenye spea, kwenye kengele na kwenye zile mbili za mkokoteni, na zote zikawa za miezi iliyokaribiana muda mfupi kabla ya gari kuundwa, hapo utakuwa na ndugu wa tumbo moja. Rimu haiwezi kuwa changa kuliko gari lililotoka nayo. Kwa hiyo soma pia kibati cha chini ya boneti, na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati linalotenganisha injini na abiria. Kwa gari la usukani wa kulia inaanza na HS30. Utahitaji kujua umri wa gari kabla ya kuuliza umri wa rimu.

Angalia na nati. Kama zinazofunga zile za aloi zina shingo ndefu na washa, wakati stadi zilizo chini ni zile zile za zamani, hiyo ni dalili nyingine kwamba rimu na nati zilikuja pamoja kama wageni.

Sasa hizo herufi JWL. Naona zilikushtua kuliko zote, na nadhani zilikushtua bure. JWL ni alama ya kiwango cha Japani cha rimu za aloi. Haina maana kwamba rimu ni feki. Rimu za aloi zinazotoka na magari kiwandani huwa nayo, na zile zinazouzwa dukani peke yake huwa nayo vilevile. Alichofunga baba yako kwenye gari hakikuwa takataka ya kuunga kwa mkono. Ilikuwa rimu ya Kijapani iliyotengenezwa kwa kipimo.

Hapo ndipo neno la baba linaponishika. Alisema "za kiwandani". Kiwanda kipi? Anayekusanya magari akisema hivyo ana maana moja tu, kwamba rimu ziko juu ya gari tangu siku liliposhuka kwenye mstari wa kuundia. Hata zile ambazo wakala aliuza kama nakshi gari likiwa jipya anaziweka fungu lake, hazihesabu kuwa ni za gari. Lakini gereji ya Moshi mwaka 1987? Vita ya Kagera ilikuwa imetuachia uchumi uliokonda, fedha za kigeni hazipo, spea hazionekani, na mtu anapata tairi jipya kwa kujuana. Fundi wa wakati huo akikuambia kitu ni cha kiwandani, alikuwa anakuambia hakijachongwa, hakijachomelewa, hakijatolewa kwenye ajali. Kimetoka Japani hivi hivi. Ukilisikiliza hivyo, alilosema baba yako ni kweli tupu, na alikuwa na haki ya kujivunia.

Sikuapii kwamba hivyo ndivyo alivyomaanisha. Inawezekana wageni walielewa vingine na yeye akawaacha, kwa sababu hadithi ilikuwa tamu na Mehta alikuwa ameshaingizwa ndani yake. Binadamu tunafanya hivyo. Ninachokuomba utazame ni kile kitu kilichoning'inia mtini. Mtu anayeficha kwamba amebadilisha rimu hachukui ile ya zamani akaitundika mbele ya kigango kizima, igongwe kila Jumapili, na kumwambia katekista kwa mdomo wake kwamba amepata nyingine nzuri zaidi. Swali lako la usiku, "yale mengine je?", lipime na hilo kabla hujalijibu.

Tukirudi kwenye karatasi, naziona njia kadhaa, na hakuna isiyo na mwiba.

Unaweza kusaini kama kaka anavyotaka. Goti la mama si jambo dogo, na sitakulaumu kwa kulifikiria hivyo. Lakini mnunuzi anayelala chini ya chesisi nusu siku, ipo siku atafungua tairi na kusugua kama ulivyosugua wewe. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyeridhia kwa kudanganywa nafasi ya kuukataa mkataba. Fedha zitakuwa zimeshaingia hospitali, naye atakuwa mlangoni anazidai. Na saini itakuwa yako, si ya marehemu. Kaka anasema baba ndiye aliyesema, lakini karatasi haitamtaja baba, itawataja ninyi. Kuna tofauti kati ya kurudia neno ulilolisikia ukiamini na kulisaini ukiwa umeshaona mgongo wa rimu.

Unaweza kumwambia mnunuzi unachokijua, na kumwambia hivyo hakuna haja ya kumtaja baba kwa ubaya. Jaribu kuandika hivi uone kama kifua kinapungua: "Rimu nne za aloi zilizoko garini ni za Kijapani, zina alama ya JWL, na zilifungwa na marehemu baba yetu, kadiri tunavyoelewa karibu na mwaka 1987. Tairi la spea lina rimu ya chuma ya inchi 14 tunayoamini ni ya awali." Hakuna tusi ndani yake. Mwiba ni kwamba bei inaweza kubaki kwenye milioni 38 na kaka akakununia hadi Desemba mtakapokutana nyumbani. Ila nami nina swali kuhusu hiyo bei. Mzee wa Arusha ametaka rimu za awali. Mmemuuliza angetoa nini kwa rimu za chuma zenyewe, pamoja na kofia ya D? Inawezekana aliona picha za magari ya mbio, ambayo timu ziliyavisha rimu zao, akadhani spoti rimu zenu ndizo zilizotoka na gari. Huenda anachokitafuta mnacho, ila kimetawanyika kijijini.

Na hapo inakuja njia ambayo naona unaizungukia bila kuitaja, ya kuzikusanya. Spea ni yenu. Za mkokoteni, jirani anaweza kukubali ukimpelekea nyingine mbili nzima zinazoingia kwenye ekseli yake, bora asibaki siku hata moja ng'ombe wake hawana majani. Kengele ni habari nyingine. Baba aliitoa, na kilichotolewa kigangoni ni cha watu waliobatizwa na kuzikwa kwa mlio huo. Baba mwenyewe naamini aliagwa kwa rimu hiyo. Ukiamua kuongea na katekista na kamati, itakubidi uwe tayari kusikia hapana na kuipokea. Kwa matumizi ya barabara haifai tena hata wakikupa. Chuma kilichopigwa nondo kwa miaka zaidi ya 35 kimechoka na ukingo wake hauwezi kushika tairi kwa usalama. Za mkokoteni nazo zikaguliwe na mtu anayejua kabla hazijafungwa kwenye gari linalokimbia. Na hata zile za aloi, fundi wangu anasema zipigwe mwanga kutafuta nyufa kuzunguka matundu ya nati, maana aloi ya zamani haipindi ikakuonya, inakatika.

Kuna na njia ya kutouza kwa sasa. Umeipita haraka sana kwenye barua, na sijui kama ni kwa sababu umeikataa au kwa sababu hakuna aliyekuuliza wewe unataka nini. Wote wamezungumza, kaka, dada, mnunuzi, hata marehemu. Wewe umesema unachoogopa. Hujasema kama unataka gari liondoke.

Nikuulize na la msimamizi wa mirathi, maana hukulitaja. Kama gari bado liko kwenye kadi kwa jina la baba, anayeweza kuliuza ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na mama yako ana haki yake ndani ya mali hiyo. Kama hakuna aliyeteuliwa, kikao cha ukoo na Mahakama ya Mwanzo vinakuja kabla ya saini ya rimu. Huenda hilo likawapa ninyi wote muda wa kupoa, kaka akiwemo. Yeye naye amefiwa, na yuko mbali na banda. Kwa mtu aliye Dar es Salaam, maneno ya baba ndicho kipande cha gari alichobaki nacho. Ukimpigia, usianze na JWL. Anza kwa kumwambia umekuta nini kigangoni.

Nimemwacha mama mwisho kwa sababu naona yeye ndiye aliye karibu zaidi na jibu.

Umeandika kwamba kuku wananywea maji kwenye kofia yenye D. Kofia ile inakaa juu ya rimu ya chuma. Juu ya spoti rimu za baba haina pa kushika. Kwa hiyo siku ilipotoka garini na kuwa chombo cha kuku ndiyo siku, au wiki, rimu zilipobadilishwa. Na nyumbani kwenu, mwanangu, nani aliyekuwa anawapa kuku maji? Mama yako alipoacha kumenya ndizi, sidhani alikuwa anasikia jambo geni. Nadhani alikuwa anasikia jambo la zamani likitajwa na mtoto ambaye hakuwepo, au alikuwa mgongoni, na likitajwa kama kosa. Labda rimu zile zilikuwa malipo ya kazi fulani. Labda zilikuwa zawadi. Labda kulikuwa na ugomvi wa fedha siku hiyo kati yao wawili, na alisamehe, na hataki uufukue. Mimi sijui. Yeye anajua, na hajaulizwa. Ameambiwa tu.

Ungoje jioni moja asiwe na haraka, goti likiwa limepumzika. Usimpelekee rimu wala karatasi. Kaa naye pale nje kuku wanapoingia bandani, na umuulize tu hicho chombo chao cha maji walianza kukitumia lini.

Kisha uniandikie. Rimu nne za gari na moja ya spea ni tano, na mpaka sasa umenionyesha nne. Naamini hata ya tano mama yako anaweza kuwa anaikumbuka ilikokwenda.